Kengele ya Babu Kasim Imelala Wapi

Adabu ya kwanza ya kusaka makopo ni kutoonekana kama mtu anayesaka kopo. Rafiki yangu Nadhira adabu hiyo imemshinda. Nilimwomba asimame kando ya njia ajifanye anaongea na simu, naye akaanza kupaza sauti mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye kahawa.

"Haloo! Haloo! Ndiyo, niko hapa tu! Sitafuti kitu!"

"Nadhira."

"Nini? Si umesema nijifanye?"

"Unajifanya mwizi."

Mwendeshaji wa boda boda aliyetutoa Runyenjes mjini alikuwa bado hajageuza pikipiki. Alitutazama, akatazama mashamba ya pande zote mbili na mti mkubwa tuliokuwa tunaukaribia, akatutazama tena. "Madada, mmepoteza kitu?"

"Tunangoja mtu," nikasema.

"Kwenye mti?"

Aliondoka polepole, macho yake yote kwenye kioo cha pembeni.

Ukweli ni kwamba tulikuwa tumepoteza kitu, na kilikuwa kitu cha babu yake Nadhira.

Mchezo wetu ni rahisi kuueleza ila ni mgumu kuaminika. Mtu anaficha kopo mahali panapompendeza, anaweka alama ya mahali hapo kwenye ramani ya mtandaoni, na watu asiowajua wanakuja kulitafuta, simu mkononi. Ndani ya kopo kuna kitabu kidogo cha kutia sahihi na vitu vidogo vidogo vya kubadilishana. Hakuna mshindi wala zawadi. Mara ya kwanza nilipomweleza mama, aliuliza, "Na wanakulipa?" Nikasema hapana. "Kwa hivyo wewe ndiye unawalipa?" Nikasema hapana. Akauliza kama nimetuma maombi ya kazi wiki hiyo.

Mimi nilizipenda adabu za mchezo huu kabla sijaupenda mchezo wenyewe. Ukichukua kitu unaacha kingine cha thamani ileile au zaidi, na hakuna anayekulinda aone kama umefanya hivyo. Kopo unalirudisha ulipolikuta, limefunikwa vilevile, ili mgeni atakayefuata apate furaha uliyoipata wewe. Nilipomaliza chuo Embu, shahada ya jiografia mkononi na kazi ikiwa bado haijaonekana hata kwa darubini, nilijipa moyo kwamba nchi yenye watu wa namna hiyo haiwezi kuharibika kabisa.

Halafu kuna wasafiri. Msafiri ni kitu chochote chenye namba yake, ambacho mwenyewe amekituma kitembee kutoka kopo moja hadi jingine kuelekea mahali fulani. Ukimkuta msafiri unaweza kumbeba na kumsogeza mbele. Ila hutakiwi kukaa naye, kwa sababu si wako.

Babu Kasim, babu yake Nadhira, alikuwa mchinjaji katika mtaa wa Majengo, Meru, mpaka goti lilipomstaafisha. Ukutani mwa bucha yake, na baadaye mwa nyumba yake, kulikuwa na kengele ya ng'ombe, ya shaba, ndogo kama ngumi ya mtoto, yenye ufa uliozibwa kwa madini ya risasi. Kengele hiyo ilikuwa shingoni mwa fahali aliyeongoza mifugo ya baba yake kutoka Isiolo enzi hizo. Yule baba alikuwa akiutazama Mlima Kenya kila asubuhi na kusema, "Siku moja nitauzunguka wote, nione mgongo wake." Hakuuzunguka. Babu Kasim naye akasema hivyohivyo, kisha goti likaja.

Kwa hivyo siku moja, tukiwa barazani kwake tunakunywa chai ya tangawizi, nilimwambia, "Babu, wewe ukishindwa, kengele haijashindwa. Itume. Nakuahidi itarudi."

Niliahidi mimi, kwa kinywa changu. Akaiangua ukutani, akaifuta kwa shati lake, akanipa.

Kengele ilikwenda Timau ikapita kando ya mashamba ya ngano, ikafika Nanyuki, ikashuka Karatina, ikaingia Kerugoya, ikafika Embu. Kila jioni babu alimwita Nadhira na kumuuliza, "Kengele yangu imelala wapi leo?" Nadhira alifungua ramani kwenye simu, na babu akautazama mgongo wa mlima kupitia kengele. Mwishowe msakaji mmoja wa Embu akaiweka kwenye kopo langu mwenyewe, nje ya Runyenjes. Ilikuwa imebakiza Chuka tu, kisha nyumbani.

Hapo ndipo ilipokwama. Msakaji mwingine alifika akaandika, "Kopo lipo, ndani kitabu tu. Msafiri hayupo. Samahani."

Nadhira hakuwa na moyo wa kumwambia babu. Kila jioni alipoulizwa alijibu, "Bado iko Runyenjes, babu." Na Babu Kasim alikuwa tayari amewaalika wasakaji wote wa Meru na Embu kwake Jumamosi kuipokea kengele. Alikuwa ameagiza mchele wa pilau. Alikuwa amemwambia imamu. Alikuwa amepigilia msumari mpya ukutani. Siku tuliyoshuka kwenye boda boda ile ilikuwa Alhamisi.

Kopo langu lilikuwa ndani ya shimo la mti wa mukima, mkubwa, uliosimama kwenye mpaka wa mashamba mawili, mahali ua wa miiba ya kayaba unapokatika. Ni kopo la plastiki la mafuta ya kupikia, lile ambalo kila jiko hapa kwetu hulitunza baada ya mafuta kuisha ili liwekwe sukari au chumvi. Nilikuwa nimeandika ubavuni kwa wino mzito: KOPO LA MCHEZO, TAFADHALI LIACHE. Mvua ya Runyenjes ilikuwa imeyasoma maandishi hayo ikayafuta.

Niliingiza mkono. Kopo lilikuwepo, lakini lilikuwa zito. Nikalifungua.

Ndani kulikuwa na mayai, kila moja limefungwa kwa jani kavu la mgomba, yamepangwa kwa upole kama watoto wachanga.

Nadhira alichungulia.

"Igoki," akasema, "kengele ya babu yangu imetaga."

"Hayo mayai si yenu," ikasema sauti nyuma yetu.

Alikuwa mwanamke mzee, kitambaa kichwani, kiondo begani, panga mkononi. Panga lilikuwa la kukatia majani ya ng'ombe, lakini wakati ule hatukulijua hilo.

"Rudisheni hivyohivyo. Na mfunike vizuri, kima wa huku wana akili kuliko watu."

Nikarudisha hivyohivyo.

"Mmetoka wapi?"

"Meru, shosho," nikajibu, kwa heshima ya kumwita bibi.

"Meru yote mmekosa mayai?"

Nadhira akaangua kicheko, na kicheko chake kikishatoka huwezi kukirudisha kwenye kopo. Mwanamke yule alijaribu kubaki mkali, akashindwa. Alisema anaitwa Lydiah, na kwamba wasichana wanaocheka wakiwa na njaa wataanguka mlimani, tumfuate tunywe uji.

Jikoni kwake, tukiwa tumeketi kwenye vigoda, nilimuuliza kwa uangalifu kuhusu lile kopo. Nilikusudia kueleza mchezo mara moja. Lakini alikuwa na hamu ya kusimulia kuliko mimi.

"Ule mti uko mpakani," akasema. "Ni wangu na wa Gichovi, jirani yangu wa ng'ambo ya ua. Baba zetu waliupanda pamoja. Mwaka juzi Gichovi akapandisha watu juu, wakakata matawi yote, akauza kuni. Bila kunipigia hodi! Kama mti wa mama yake. Tangu siku hiyo hatujaongea. Kanisani yeye anakaa kulia, mimi kushoto, na pasta anahubiri katikati."

"Na kopo?"

Uso wake ukalainika. "Siku moja naokota kuni, naona kopo kwenye shimo la mti. Kopo la sukari. Nikajua. Mtu mzima haombi msamaha kwa mdomo, mwanangu. Mtu mzima anatuma kopo."

Nikaweka kikombe cha uji chini. Lile kopo nililiweka mimi.

"Nikafungua. Ameniwekea kioo kidogo, vishikio vya funguo, shanga, kikasha cha sindano. Nikasema, huyu mzee aliingia duka gani? Lakini nia niliiona. Nikachukua kikasha cha sindano, kwa sababu changu kilipotea. Vingine nikavihamishia kwenye bakuli, viko pale juu ya kabati. Kulikuwa na kitabu cha majina pia, nikadhani ni cha mchango wa mazishi, nikatia sahihi nisionekane mkorofi. Na chombo cha jirani hakirudi kitupu. Nikaweka mayai."

"Akayachukua?" akauliza Nadhira.

"Kesho yake kulikuwa na ndizi! Nikaweka maharagwe. Akaweka makadamia. Hivyo ndivyo tunavyokaa sasa."

"Kwa hivyo mnasalimiana," nikasema.

Shosho Lydiah alinitazama kama nimesema jambo la aibu. "Kusalimiana? Hapana. Tutaanzia wapi?"

"Na kengele, shosho?" nikauliza. "Ndani ya kopo, siku ya kwanza, hukuona kengele?"

"Niliiona, nikaiacha. Mimi kengele ya nini? Nikasema hiyo ameitia kwa kusahau." Akainua kidole. "Sikiliza."

Tukasikiliza. Ng'ambo ya ua, chini kwenye mteremko, ilikuwa ikilia: klo, klo, na kati ya mlio na mlio kijikwaruzo kidogo, pale penye ufa uliozibwa. Nadhira alinishika mkono.

"Mtamba wa Gichovi alikuwa anaingia kwenye majani yangu ya nepia kila siku," akasema shosho. "Sasa amemfunga kengele. Nikiisikia inakaribia, natoka namfukuza polepole, bila matusi. Huo ndio ujirani."

Tulipotoka nje, Nadhira alinivuta nyuma ya ghala.

"Tununue kengele nyingine," akanong'ona. "Mjini zipo."

"Babu yako ataisikia mara moja ajue si yenyewe."

"Basi tuinunue tumfunge ng'ombe, tuchukue yetu. Ng'ombe hawezi kusema."

"Mwenye ng'ombe anaweza."

"Igoki, ukiwaambia ukweli wataona walikuwa wanaombana msamaha ambao hakuna aliyeuomba. Utaharibu mayai na ndizi na kila kitu. Usipowaambia, babu yangu Jumamosi atasimama mbele ya imamu na msumari mtupu. Mimi sijui. Wewe ndiye uliyesoma."

Nilisoma mito na aina za udongo. Hakuna somo la jambo hili. Nikasema twende kwanza kwa mwenye ng'ombe.

Mzee Gichovi alikuwa mrefu, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata kwenye jua, na alitupokea kwa chai kabla hatujasema tumefuata nini. Mtamba alikuwa amefungwa karibu, anatafuna, na kengele ya Babu Kasim ilikuwa inang'aa shingoni mwake. Ilikuwa imesuguliwa ikawa kama mpya.

"Guka, una kengele nzuri," nikasema, nikimwita babu kwa lugha ya kwao.

Mzee akaweka kikombe chini ili acheke vizuri.

"Hiyo? Wee, ngoja nikwambie! Nina jirani hapo, mama mkali sana. Tulikosana. Sasa siku moja namwona anatia mkono kwenye mti wa mpaka. Nikangoja aondoke, nikaenda. Kopo! Ndani mayai. Na kengele!" Akapiga goti lake. "Unaona? Mtamba wangu alikuwa anamsumbua kwa nepia. Mwanamke hanisemeshi, hanitazami, lakini ananitumia kengele nimfunge ng'ombe wangu! Hiyo ni akili! Hayo ni matusi mazuri! Nilicheka peke yangu zizini mpaka mtamba akanigeukia. Nikajua ameshanisamehe, kwa sababu mtu mwenye kinyongo hatanii."

Sentensi yangu ilikuwa tayari kinywani. Niliimeza na chai.

Ndipo simu ya Nadhira ikalia. Masikio ya babu yake si mazuri, kwa hivyo huzungumza naye kwa sauti inayosikika na watu wote walio karibu, na babu hujibu hivyohivyo.

"Nadhira! Kengele yangu imelala wapi leo?"

Nadhira akamtazama mtamba. "Bado iko Runyenjes, babu."

"Bado? Wallahi huko kuzuri. Haya, iambieni ifanye haraka, Jumamosi si mbali. Nimemwambia imamu nitaipiga mwenyewe, asikie mlio alioufuata marehemu baba yangu kutoka Isiolo."

"Sawa, babu."

"Na Igoki yupo? Mwambie namwombea dua. Ameniahidi, na mimi nimemwamini."

Simu ikakatika. Mzee Gichovi alitazama simu, akatazama shingo ya ng'ombe wake.

"Kengele gani hiyo?" akauliza.

Ningeweza kusema ya kanisa, au ya shule. Nadhira alikuwa akiniangalia, na nilijua chochote nitakachosema yeye ataitikia kwa kichwa. Lakini mchezo huu wote umesimama juu ya jambo moja, kwamba mtu atafanya haki mahali ambapo hakuna anayemwona. Sikuweza kuvunja jambo hilo mbele ya watu waliokuwa wakilifuata kuliko sisi.

"Guka," nikasema, "nina neno la kukwambia. Lakini naomba nikwambie pale kwenye mti, na shosho Lydiah akiwepo."

Ilikuwa kazi kuwaleta. Shosho alisema hawezi kwenda mpaka Gichovi afike kwanza, na Gichovi alisema hivyohivyo. Mwishowe Nadhira alisimama kwenye pengo la ua akahesabu kwa sauti, kama mashindano ya shule, nao wakatokea kwa pamoja, mmoja kila upande wa mukima, wote wakinitazama mimi ili wasitazamane.

Nikawaambia. Nikawaeleza mchezo, ramani, wasafiri, Babu Kasim na mlima. Nikasema kopo ni langu, kikasha cha sindano niliweka mimi, kengele iliwekwa na msakaji kutoka Embu. Nikasema ruhusa niliomba kwa kijana niliyemkuta anapogoa kahawa hapa, naye akaniambia weka tu, dada, hakuna shida.

"Kijana gani?" akasema Shosho Lydiah. "Mimi sina kijana."

"Huyo alikuwa wa kibarua," akasema Mzee Gichovi. "Alishakwenda Mwea kwa mpunga. Huyo hata ungemwomba ng'ombe angekupa."

Upepo ukapita juu kwenye matawi machanga ya mukima, yale yaliyoota baada ya kukatwa. Nilijua nimeharibu.

Shosho Lydiah akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi, akamtazama jirani yake usoni.

"Kwa hivyo hukuanza wewe."

"Sikuanza," akasema mzee. "Na wewe hukunitania."

"Sikukutania. Ningefikiria kengele ningekutania zamani."

Mzee akavua kofia yake, akaikunja, akaikunjua. "Lakini ndizi zilikuwa zangu."

"Najua. Zilikuwa zimeiva kupita kiasi."

"Ulizila?"

"Nilizila zote. Mayai yalikuwa yangu."

"Yalikuwa mazuri."

"Kuku ni wa kienyeji."

Nadhira alikuwa ameuma upindo wa mtandio wake ili asicheke au asilie, sijui ni lipi.

"Na matawi?" akauliza Shosho Lydiah.

Mzee Gichovi aliinua macho juu ya mti. "Matawi nilikosea," akasema. "Ningepiga hodi."

"Ungepiga hodi," akasema shosho, na sauti yake ilikuwa nyororo. Kisha akanigeukia mimi, na unyororo ukaisha. "Na wewe msichana, ni lilelile! Umesoma, una ramani ya dunia nzima kwenye simu, unaona mti kutoka mbinguni, lakini mlango wangu hukuuona? Kopo si kosa. Kosa ni kutopiga hodi."

"Ni kweli, shosho. Nisameheni nyote wawili. Nitaliondoa leo."

"Nani amesema liondoke?" wakasema kwa pamoja, wakashtuka, wakatazamana.

Mzee Gichovi akateremka zizini akamfungua mtamba kengele. Mtamba alitikisa kichwa, akasikiliza, akatikisa tena. Mzee aliishika kengele kiganjani kidogo kabla ya kunipa. "Utani wenyewe haukuwa wangu kuupokea," akasema, na nilimwona amepungukiwa na kitu.

Shosho Lydiah alikiona hicho pia. "Siku ya soko nitanunua kengele," akasema. "Nitaitia kwenye kopo. Utani mzuri namna hiyo sitaki uwe wa mtu mwingine."

Mzee alicheka mpaka akashika mti.

Hawakutuacha tuondoke na kengele tupu. Shosho aliigeuza mdomo juu, akaijaza njahi kavu, yale maharagwe meusi, akakata kipande cha leso yake ya zamani, akaifunika kengele nacho na kukishona kwa sindano kutoka kwenye kile kikasha cha kopo langu. "Haitalia njiani," akasema, "na huyo mzee wa Majengo ataona imetoka kwa watu."

Tulisimama Chuka, kwa sababu msafiri lazima apite pale mwenyewe alipomtuma. Tulitia sahihi kopo la Chuka giza likiingia, Nadhira akijifanya anaongea na simu. Safari hii hakuna aliyemshuku. Alikuwa anaongea na babu yake kweli.

"Kengele yangu imelala wapi leo?"

"Leo inalala Chuka, babu. Keshokutwa inalala kwako."

Jumamosi baraza la Babu Kasim lilijaa viatu. Wasakaji walikuja kutoka Timau wakiwa na makoti mazito waliyosahau kuyavua, na wengine wa Embu, na imamu, na majirani ambao hawakujua mchezo ni nini lakini walijua pilau ni nini. Niliweka kengele mikononi mwa mzee. Aliupapasa ule mshono, akauliza ni kazi ya nani, akaukata kwa ncha ya kisu chake cha bucha. Njahi zikamwagika kwenye sinia, nyeusi na zenye ukingo mweupe, zikatawanyika kila upande. Akaipiga.

Klo, na kijikwaruzo.

Kisha hakuitundika. Aliisogeza puani, akafumba macho.

"Inanuka ng'ombe," akasema.

Nikaogopa. "Babu, samahani, ilikuwa imefungwa kwa mtamba fulani, nitaisafisha..."

"Usiiguse!" Alikuwa anacheka huku machozi yamemjaa. "Tangu baba afe haijanuka ng'ombe. Miaka yote ilikuwa ukutani inanuka ukuta. Mlima wameuzunguka wengi, mjukuu wangu. Hii imeuzunguka na ikafanya kazi njiani."

Nikamsimulia mambo ya kopo yote, na baraza zima likasikiliza. Nilipofika kwenye ndizi zilizoiva kupita kiasi, imamu alilazimika kuweka sahani chini. Babu Kasim akakusanya njahi moja moja zikaingia bakulini, akakikunjua kile kipande cha leso, akakilaza kwenye goti lake zima. Akaagiza iliki, mdalasini na karafuu kutoka jikoni, akazifunga ndani kwa fundo.

"Hata Majengo," akasema, "chombo hakirudi kitupu."

Sasa kuna makopo mawili kwenye mukima ule. La chini ni lao, pamoja na kile kitabu cha majina, na halimo kwenye ramani. La juu ni la mchezo, na kwenye ramani nimeandika sharti walilolitoa wenyewe: kabla ya kutia mkono kwenye mti, piga hodi nyumba zote mbili. Msakaji wa kwanza kufika, kijana wa Embu, aliandika taarifa fupi. "Kopo nimelipata. Nimekunywa chai upande wa kulia, nikaambiwa nisipokunywa na upande wa kushoto nitaleta ugomvi. Nimekunywa. Nilichukua kishikio cha funguo, nikaacha kalamu. Mtamba wa huko ana kengele."

Na jana nilipata ujumbe kutoka simu ya Mzee Gichovi, lakini niliujua mkono wa Shosho Lydiah kwenye kila neno. Ulisema kitabu cha kopo la chini kimejaa, nilete kingine, na nikija nisije mikono mitupu.